Digrii Tisa za Limi

Jamani, kuna aibu ambazo mtu unazificha mpaka zinakufa zenyewe, na kuna hii yangu, ambayo haikufichika hata dakika moja kwa sababu ilitokea chini ya maturubai mawili, mbele ya spika nne na ng'ombe mzima aliyekwisha kuchinjwa. Kwa hiyo bora niisimulie mwenyewe, maana ukiisikia kwa watu wa Zombo utaambiwa nilizimia, na mimi sikuzimia, nilikaa chini kwa ghafla tu, bahati mbaya pale chini palikuwa na beseni la mchele.

Naitwa Zuhura, nakaa Mikumi, ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Elimu yangu ni kidato cha nne na divisheni foo (foo ya juu, naomba ieleweke hivyo), lakini ndoto zangu ni za mtu aliyepata wani. Siku nyingi najiona nimevaa koti jeupe natembea kwenye korido ndefu, watu wananipisha. Koti lenyewe nilikuwa nalo tayari, nilishonesha kwa fundi pale sokoni Mikumi, hakuna mkubwa wangu yeyote aliyeniambia nishone, na fundi aliponiuliza niandikwe jina gani kifuani nilimwambia aache nafasi, jina litakuja na cheo chake.

Sasa ukaja mradi wa kupima migongo ya wanafunzi. Tukaitwa Kilosa mjini siku mbili, tukafundishwa kutumia simu. Ndiyo, simu hii hii ya kiganjani. Kuna programu unaiweka ndani, halafu mtoto anasimama miguu pamoja, anaunganisha viganja kama anayetaka kujirusha mtoni, anainama taratibu mpaka mgongo unakuwa kama meza, wewe unalaza simu juu ya mgongo kwa upana, ikiwa kwenye kishikio chake cha plastiki chenye pengo katikati ili isikalie uti wenyewe, na kioo kinakuletea namba. Pande mbili za mgongo zikiwa sawa namba ni sifuri au karibu yake. Upande mmoja ukinyanyuka kuliko mwenzake, namba inapanda. Ikifika saba, mtoto anatakiwa akapigwe picha ya mifupa, kwa sababu mgongo wa mtoto anayekua unaweza kupinda polepole bila kuuma, bila homa, bila kumwambia mtu, na ukigundulika mapema angali anakua kuna mkanda wa kuuzuia, ukichelewa ndiyo mambo yanakuwa ya visu na safari za mbali.

Mkufunzi wetu, mama mmoja mpole mwenye miwani, alitusimamisha mlangoni siku ya mwisho akasema, "Mkifika kwa wazazi msiwape namba. Waambieni mgongo umepinda kidogo, tunataka tuuangalie vizuri. Basi. Namba ni za kwetu sisi."

Niliandika kwenye daftari, nikapiga na mstari chini. Lakini wakufunzi wenyewe wakiongea wao kwa wao walikuwa wanasema "huyu ana digrii tano", "yule digrii nane", na neno lile lilikuwa linateleza mdomoni kama mlenda. Shuleni sisi tulifundishwa nyuzi. Nyuzi, kwangu, ni neno la fundi cherehani na bakora za mwalimu wa hesabu. Nikaamua moyoni, uamuzi mdogo kabisa, mdogo kama punje ya ulezi: mimi nitasema digrii.

Tukaanza na shule moja kule Zombo. Chumba kilikuwa stoo ya vitabu, mwalimu wa afya, Mwalimu Salome, akikaa na mimi muda wote, wasichana wanaingia mmoja mmoja. Nilipima wengi. Sifuri, mbili, moja, tatu, sifuri. Nilikuwa nafurahi kila namba inapotoka, nawapa watoto tano za mkononi. Ndipo akaingia Limi.

Limi ana miaka kumi na mitatu, binti wa wale wafugaji na wakulima waliohamia kutoka kanda ya ziwa, mrefu, mpole, amevaa sweta juani. Nikamuuliza sweta la nini na joto hili, akasema, "Nimezoea tu, dada." Mwalimu Salome akaninong'oneza kwamba wenzake wanamwita Kona. Alipoinama niliiona kabla simu haijasema: upande wa kulia wa mgongo ulinyanyuka kama mtu aliyeficha kitu chini ya ngozi. Simu ikasema tisa. Nikamwambia asimame, apumzike, ainame tena. Tisa. Mara ya tatu, tisa.

Nikamwambia ukweli, kwa sababu alikuwa ananiangalia machoni: mgongo wako umepinda kidogo, siyo kosa lako, tutakupeleka ukapigwe picha. Akauliza, "Ni ndoo za maji, dada? Mama alisema nisibebe upande mmoja." Nikamwambia siyo ndoo, siyo begi, siyo kulala vibaya, inatokea tu kwa watoto wengine wakati wanakua. Akavaa sweta lake. Kisha akauliza tena, taratibu, "Nikimaliza kukua, ndiyo itabaki hivyo hivyo?"

"Ndiyo maana tunawahi," nikamwambia.

Mipango ilikuwa hivi: Alhamisi ya wiki iliyofuata gari la mradi lingewachukua watoto wote waliofikisha saba, saa mbili kamili asubuhi, kutoka kituo cha afya cha Ulaya, kuwapeleka Kilosa kupigwa picha, na baada ya hapo mtaalamu wa mifupa anayekuja kwa siku hiyo moja angewaona. Siku moja tu. Akirudi tena ni baada ya miezi. (Ulaya ninayosema ni kata, ipo hapa hapa wilayani kwetu, jirani na Zombo, ina mahindi na mbuzi wanaolala barabarani. Sisi wa huku tumezoea, mtu akikwambia ametoka Ulaya asubuhi humuulizi amekuletea nini.)

Nikampigia baba yake, Mzee Luhende. Alikuwa machungani na ng'ombe, upepo unavuma kwenye simu kama mtu anapepeta mchele.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu, nani mwenzangu?"

"Ni Zuhura, wa kupima wanafunzi shuleni. Nampigia mzazi wa Limi."

"Eheee! Kafanya nini?"

"Hajafanya kitu, baba. Tumempima, ana digrii tisa."

Nikadhani mtandao umekatika, kumbe mzee amesimama.

"Ngapi?"

"Tisa, baba. Nimerudia mara tatu, inakuja tisa ile ile."

"Na wenzake?"

"Wenzake wengi wana moja, mbili. Wengine sifuri."

"Sifuri!" Mzee akacheka cheko moja kubwa mpaka nikaiondoa simu sikioni. Mimi nikajua ni mshtuko, kuna watu wakishtuka wanacheka. "Sasa inakuwaje?"

"Alhamisi anatakiwa Ulaya, saa mbili asubuhi, gari litamchukua. Aje na mzazi."

"Mwanangu, Mungu akubariki. Jumatano usiende popote. Njoo nyumbani kwangu, na sisi tuna namna yetu ya kushukuru."

Nilikata simu machozi yananilengalenga. Nikajisemea, ona mzazi mwelewa huyu, anashukuru mtoto wake kugunduliwa tatizo mapema. (Neno mgongo sikulitaja hata mara moja. Niliona mzazi alishasaini fomu ya ridhaa, atakuwa anajua tunapima nini. Fomu ile alisaini mama. Baba yeye alisikia tu kwamba shuleni wanapima watoto kwa simu, akajua ni vichwa.)

Na hapa lazima niwaeleze jambo. Mwenyekiti wa kijiji kile ana kijana aliyemaliza chuo Dar es Salaam, ana digrii moja. Moja tu. Na kwa hiyo moja, Mwenyekiti kila mkutano anaanza kwa kusema "kama mnavyofahamu, mimi ni mzazi wa msomi." Mzee Luhende alikuwa amevumilia hotuba hizo miaka mitatu. Sasa fikiria mtu huyo anapigiwa simu katikati ya ng'ombe wake anaambiwa binti yake wa darasa la sita ana tisa.

Jioni ile ile akatuma ujumbe wa sauti kwa ukoo mzima huko Shinyanga: Limi amepimwa, ana digrii tisa, Alhamisi anakwenda Ulaya. Yeye alimaanisha Ulaya hii ya mbuzi. Ukoo ulisikia Ulaya ile nyingine.

Jumatano nikavaa koti langu jeupe, nikachukua bodaboda kutoka Mikumi. Dereva alikuwa Chande, kijana ninayemfahamu, mdomo wake haupumziki. Tulipokaribia tukasikia ngoma. Chande akapunguza mwendo.

"Dada Zuhura, huku ni kwa mgonjwa kweli? Mbona kama harusi?"

"Labda jirani."

"Jirani gani ana spika nne? Oyaa, kuna ng'ombe pale anachomwa. Mimi sirudi Mikumi leo."

Hata sijashuka vizuri, mshereheshaji akanyakua kipaza sauti: "Mgeni rasmi ameingia! Akina mama, vigelegele! Huyu ndiye daktari bingwa aliyetuletea digrii!" Mimi niliposikia daktari bingwa masikio yaliziba, maneno yaliyobaki sikuyasikia. Nikatembea katikati ya watu wananipisha, koti linapepea, nikasema kimoyomoyo Zuhura, korido ndiyo hii. Nikaketishwa meza kuu, kulia kwangu Mwenyekiti ndani ya suti, amenuna, kushoto kwangu bibi mmoja mzee sana, mama mzazi wa Mzee Luhende, aliyekuja kwa basi toka Shinyanga na fuko kubwa mapajani.

Nikamwamkia bibi shikamoo, akaitikia marahaba, akanishika mkono asiuachie.

"Mjukuu wangu, huko Ulaya baridi inaua?"

"Hapana bibi, joto tu kama hapa."

Bibi akashangaa. "Kumbe redio inatudanganya! Na ni mbali?"

"Wala. Kwa pikipiki ukiondoka sasa hivi unarudi kula chakula hiki hiki."

Bibi akaziba mdomo kwa mkono. Kisha akafungua lile fuko akanionyesha michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, vimejaa mpaka juu, na jaketi nene la manyoya. "Basi jaketi atavaa kwenye ndege," akasema.

Ndege. Nikaanza kujiuliza ni nani aliyetaja ndege.

Wakati huo huo ngoma zikapanda, akina mama wakamtoa Limi ndani. Alikuwa amevaa joho. Joho jeusi la kwaya, la kanisani kwao, limeazimwa, linaburuta chini, na kichwani kofia ya pembe nne iliyotengenezwa kwa boksi la sabuni. Anatembea taratibu, anatabasamu. Joho lile lilikuwa pana, mgongo wake hauonekani kabisa, na watoto wale wale wa shuleni walikuwa wanampigia makofi. Nikasimama kumshangilia na mimi, nikageuka nyuma kuangalia wapiga picha, ndipo nikakiona kitambaa kilichotundikwa nyuma ya meza kuu tangu asubuhi, ambacho wakati naingia kwa maringo sikukitazama, maandishi mekundu: HONGERA LIMI KWA DIGRII 9. MUNGU AKUTANGULIE ULAYA.

Nilikisoma mara mbili. Ndiyo hapo nilipokaa kwenye beseni la mchele.

Wakaniinua, wakasema daktari amechoka na safari. Limi akafika kwangu, akajifanya ananikumbatia, akaninong'oneza, "Dada, najua siyo. Nilitaka kumwambia baba, akasema watoto wasiingilie furaha ya wakubwa. Usiwaambie leo. Leo wamenipigia makofi."

Nani angeweza kuwaambia? Na nikinyamaza, kesho saa mbili huyu mtoto anaingia kwenye gari kwenda kupigwa picha, baba yake yuko nyumbani anasubiri vyeti tisa. Kabla sijajua nifanye nini, kipaza sauti kilikuwa mkononi mwangu.

"Ndugu wananchi," nikasema. Spika zikapiga mluzi. "Digrii... digrii zipo za aina nyingi."

"Ndiyooo!" wakaitikia.

Mwenyekiti, ambaye alikuwa anasubiri nafasi hii tangu asubuhi, akasimama. "Mgeni rasmi, sisi tuliosoma tungependa kujua. Hizi digrii tisa ni za fani gani?"

"Za... mgongo," nikasema.

Watu wakapiga makofi. Mzee Luhende akamwambia Mwenyekiti kwa sauti ambayo haikuhitaji spika, "Umesikia? Mgongo! Ya kijana wako ya nini, ya tumbo?"

Nikaona labda nionyeshe kwa vitendo, wataelewa wenyewe pasipo mimi kumtaja mtoto wa watu. Nikatoa simu, nikaweka kishikio. "Baba, njoo nikupime wewe." Mzee akaja kifua mbele, nikamwambia aunganishe viganja, ainame. Simu ikasema nne. Na mimi, kwa mazoea, kipaza sauti kikiwa mdomoni, nikasema, "Nne."

Uwanja ulilipuka. "Luhende ana digrii nne! Na hajasoma!" Shemeji zake wakambeba juu. Sekunde hazijapita kukawa na foleni: wajomba, wazee wa kanisa, wapishi na miko yao, Chande wa bodaboda na kofia yake ya pikipiki kichwani, wote wameunganisha viganja wanasubiri kuinama. "Dada Zuhura, mimi hata mbili tu," Chande ananiomba, "nikaringie kijiweni." Lakini Mwenyekiti alishapita mbele ya foleni, suti na yote, akainama kwa heshima kubwa. Simu ikasema sifuri. Nikairudia, naapa niliirudia, natamani hata moja. Sifuri.

Sikutamka. Lakini mshereheshaji alikuwa anachungulia begani kwangu.

"Mwenyekiti: sifuriii!"

"Mimi nimemaliza kidato cha sita!" Mwenyekiti akafoka, bado ameinama. "Hiyo simu ni mbovu! Hiyo simu ina siasa!"

Watu walicheka mpaka wengine wakashika nguzo za turubai. Katika kicheko kile bibi yake Limi akanyoosha fimbo, pakatulia. Akauliza swali lake kwa Kisukuma, maana jambo zito yeye haliulizi kwa Kiswahili, mama yake Limi akalitafsiri polepole, na kadiri alivyotafsiri uso wake ukawa unabadilika: "Bibi anauliza, kama mnapima akili, mbona mnaweka simu mgongoni? Kichwa hakipimwi?"

Nikakosa pa kukimbilia. Nikasema, na sauti yangu ikatoka kwenye spika nne, ndogo kama ya kifaranga, kwamba digrii hizi siyo za shule, ni nyuzi, ni kipimo cha mgongo ulivyopinda. Kwamba zikiwa nyingi siyo sifa. Kwamba mtu mwenye sifuri ndiye mwenye mgongo ulionyooka. (Mwenyekiti alinyooka palepale, akarekebisha tai.)

Na halafu watu wote, mmoja mmoja, wakageuka kumwangalia Limi. Sikumtaja jina, lakini jina lilikuwa limeandikwa kwa rangi nyekundu nyuma yangu. Hiyo ndugu zangu ndiyo aibu yangu yenyewe. Ile ya beseni ni ya kuchekesha tu. Mtoto alinionyesha siri yake stoo, na mimi kwa kupenda neno moja tamu nimeifikisha mpaka Shinyanga.

Limi akavua kofia ya boksi akaiweka mezani vizuri, hakulia, akaingia ndani.

Mzee Luhende alinikaribia. Hakupayuka, na heri angepayuka. "Binti, nimewaita watu kutoka mbali. Nimechinja. Kumbe umenipigia simu kunitangazia kilema."

Nikapiga magoti pale pale mchangani na koti langu jeupe. "Baba, kosa ni langu, siyo la mgongo wake. Nilitaka nionekane nimesoma. Nipige, nifukuze, lakini kesho mlete Limi. Daktari yupo kesho tu. Mtoto bado anakua, mgongo unaweza kuzuiwa sasa, ukiachwa hautasubiri."

"Kesho haendi mtu. Nyie mmeshatucheka vya kutosha."

Hapo ndipo mama yake Limi, ambaye mpaka muda huo kazi yake ilikuwa kutafsiri na kugawa sahani, akaweka sahani chini. "Baba Limi, sketi yake ya shule nimekunja pindo upya mara tatu mwaka huu. Kila nikilinganisha, upande mmoja unaning'inia. Nikagombana na fundi. Nikamwambia mtoto asimame vizuri, nikamchapa na kofi, nikamwambia anajilegeza makusudi. Fundi hakuwa na kosa. Ng'ombe ameshachinjwa, wageni wale. Mimi kesho na mwanangu nakwenda Ulaya, hata kwa miguu."

Mzee akaenda kusimama kwenye zizi, akatupa mgongo. Chakula kikaliwa, tena chote, maana wali hauna habari na matatizo ya watu, lakini ngoma hazikupigwa tena, na mimi nilirudi Mikumi nyuma ya Chande ambaye kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakusema kitu mpaka tulipofika.

Alhamisi saa moja na nusu nilikuwa kituo cha afya cha Ulaya. Bila koti. Watoto wengine wanne walikuja na wazazi wao, wakapanda gari. Saa mbili kasoro tano, barabara ya Zombo nyeupe, hakuna mtu. Dereva akawasha injini. Nikamwomba dakika mbili, akanipa, nikamwomba nyingine mbili, akaniambia, "Dada, Kilosa na wenyewe wana saa." Nikaenda nikasimama mbele ya gari. Ndiyo, mbele kabisa, mikono kwenye boneti kama mtu anayezuia ng'ombe. Dereva anapiga honi, wazazi wanachungulia madirishani, na mimi sibanduki, aibu nilishaimaliza yote jana.

Mara vumbi. Pikipiki moja, mshikaki wa watu watatu: Mzee Luhende mwenyewe anaendesha, mama nyuma, na katikati Limi ndani ya lile jaketi la manyoya la bibi, jasho linamtiririka.

"Shikamoo baba," nikasema.

"Marahaba," akajibu, kwa sababu salamu haikataliwi, akapita.

Kilosa alipigwa picha. Mtaalamu, kijana mmoja mtulivu, akaitundika kwenye taa, tukauona uti wa Limi umekata kona kama mto, akapima kwa rula yake akasema bila kuwaza, "Huyu ana digrii ishirini na saba."

Mzee Luhende alinigeukia taratibu sana. "Jana tisa. Leo ishirini na saba. Zimeongezeka njiani?"

Mtaalamu akafungua mdomo, mzee akamzuia kwa kiganja. "Hapana daktari, samahani. Aseme huyu. Aseme kama anaongea na mtu wa ng'ombe."

Nikamwambia, baba, ukiliangalia zizi kwa nje unaona tu upande mmoja wa ukuta umevimba, hiyo ndiyo simu, inapima uvimbe wa nje, na kwa Limi ulitupa tisa. Ukiingia ndani ukaiona nguzo yenyewe ilivyolala, hiyo ndiyo picha, ina kipimo chake kingine. Nguzo ni ile ile, haijazidi tangu jana. Ila ikiachwa na mtoto anarefuka, itaendelea kulala.

Mzee akaitazama picha muda mrefu. Akasogea akaweka kidole kwenye kioo, pale kona ilipo, akashuka nayo taratibu mpaka chini. "Na anasimama nayo hivi kila siku," akasema, "anachota maji, anachunga." Hakumwambia mtu.

Limi ndiye aliyeuliza. "Daktari, nikivaa huo mkanda nitanyooka?"

"Sitakudanganya," mtaalamu akamwambia. "Kazi yake kubwa ni kuzuia usizidi kupinda mpaka umalize kukua. Utauvaa saa nyingi kwa siku, utakuchosha, na utakuja hapa mara kwa mara. Lakini umewahi. Wengi huwa wananifikia wameshachelewa. Wewe umewahi."

Limi akavua jaketi, akamkabidhi baba yake alishike, na chini yake hakuwa na sweta.

Sasa hivi mkanda anao, anauvaa juu ya fulana, na Mzee Luhende ananiitikia salamu mpaka na ya pili. Mimi bado napima, bado naota korido yangu, siachi ng'o. Lakini nikimaliza kupima, simu naitia mfukoni, nachukua kijiti namchorea mzazi mgongo mchangani, nauliza amenielewa, naye anirudishie kwa maneno yake. Neno lile silitamki. Juzi mgeni mmoja pale stendi Mikumi kaniuliza kwa upole, dada, hapa kwenu leo joto ni digrii ngapi, nikamwambia kaka, vua shati utajua.